Muulize Mama Fundi: Vijiti viwili, na ukurasa unazunguka tu

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: mtandao upo, ila haupo. Mnara unaonekana pale kilimani, simu inaonyesha vijiti viwili, ukigusa kitu kinazunguka mpaka unachoka. Nimetanguliza barua za shule na za zahanati. Nyie mlioandika kuhusu mpira kukatika dakika ya tisini, vumilieni, zamu yenu itafika.

Bando la mwezi linaisha kwa wiki

*Shikamoo Mama Fundi. Nafundisha Fizikia katika sekondari ya kata huku Kakonko. Tulipewa msaada wa kompyuta 14 na modemu moja ya laini ya simu. Mtandao ni 3G, na ni mpaka modemu ikae dirishani upande wa mnara. Mwanafunzi mmoja akifungua video, wengine wote wanakwama. Bando la mwezi halimalizi wiki. Mkuu wa shule anataka wazazi wachangie bando kubwa zaidi. Mimi naona tunatia maji kwenye pakacha. Unatushauri nini? — Mwalimu, Kakonko*

Marahaba, Mwalimu. Mwombe mkuu wako, kwa adabu zote, asiitishe kikao cha wazazi kwanza.

Tupige hesabu. Video ya somo ya dakika kumi, ubora wa chini, ni kama megabaiti 40. Watoto 14 wakiitazama kila mmoja kwenye kompyuta yake, video ile ile inapita kwenye modemu mara 14. Hizo ni megabaiti 560 kwa kipindi kimoja, na mkondo B bado hawajaingia. Bando kubwa zaidi litakufikisha siku ya kumi badala ya siku ya saba, basi.

Na kabla hujamlaumu mwanafunzi, ikague Windows. Kompyuta za msaada hukaa stoo muda mrefu, na siku zinapoonja intaneti zote zinaanza kushusha apdeti kimyakimya bila kumwuliza mtu. Ninazijua shule ambazo bando limekwisha na hakuna mtoto aliyefungua hata ukurasa mmoja. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya kila kompyuta. Kuna swichi ya kuieleza kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Iwashe kwenye zote 14, leo, hata kama mengine yote utakayosoma hapa hutayafanya.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Kanuni ya Ohm ya mwaka jana ndiyo hiyo hiyo ya mwaka huu. Hakuna sababu ya kuiagiza upya kila asubuhi kutoka ng'ambo. Ishushwe mara moja, ikae shuleni.

Programu ya kwanza ya kutafuta inaitwa Kolibri. Ni ya bure, inatengenezwa na Learning Equality, wale wale waliotoa KA Lite mwaka 2012. Unaiweka kwenye kompyuta moja tu, ile yenye diski kubwa kuliko wenzake. Nyingine 13 huziwekei kitu. Zinafungua brauza, zinaandika anwani ya ile kompyuta mama, kazi imeanza. Zinaunganishwa na ruta ya kawaida ya Wi-Fi, hata ile kuukuu isiyo na laini ndani. Hapa ndipo watu wengi hunibishia mpaka waone kwa macho: ruta haihitaji intaneti ili kompyuta zilizo chumba kimoja ziongee zenyewe kwa zenyewe. Ukiamua, unachomoa modemu kabisa na darasa linaendelea. Unaweza pia kufungua darasa lako humo, ukagawa mazoezi, ukaona nani amekwama swali la ngapi.

Ndani ya Kolibri kuna masomo ya Khan Academy, yapo na ya Kiswahili, ingawa ni machache kuliko ya Kiingereza. Lakini wewe ni mwalimu wa Fizikia, na kwa sekondari nyingi za kata nadhani maabara yako ni kabati lenye vifaa viwili vitatu. Kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye PhET, majaribio ya sayansi yanayofanyika kwenye skrini. Hii ni kazi ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla ya hapo. Chukua lile jaribio la saketi ya umeme. Mwanafunzi anaburuta betri, waya, balbu na swichi, anaviunga kwenye skrini. Akiongeza betri ya pili balbu inang'aa zaidi. Akiweka ammita, kile kipima mkondo wa umeme, anaona namba inapanda. Akiunga waya moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha ya betri, betri inawaka moto, na darasa zima linacheka na halisahau. Jaribio lote ni megabaiti chache, dogo kuliko video moja. Mimi ningeanza na haya kabla ya video yoyote. Video humfanya mtoto anyamaze. Saketi inayoungua humfanya abishane na jirani yake, na kwenye kubishana huko ndiko anakoelewa.

Programu ya pili ni Kiwix, iliyoanza mwaka 2007. Kazi yake ni kufungasha tovuti nzima ndani ya faili moja la aina ya ZIM, ukaisoma bila intaneti. Wikipedia yote ya Kiingereza pamoja na picha zake ni kama gigabaiti 100. Bila picha ni karibu nusu yake. Ya Kiswahili inaingia kwenye memori kadi ya kawaida na nafasi inabaki.

Utavitoa wapi vyote hivi? Usishushe Kakonko. Mwalimu anayekwenda Dar likizo apewe diski ya nje. Ashushe usiku mahali penye mtandao wa uhakika, arudi nayo. Kolibri inakubali kuingiziwa masomo kutoka kwenye diski, au kutoka kwenye kompyuta ya shule jirani ambayo tayari inayo. Basi la Kigoma linaweza kubeba gigabaiti 500 kwenye begi la mwalimu na kuzifikisha kesho yake. Mnara wenu hauiwezi kazi hiyo hata ungebaki peke yako kijijini. Ila flashi za mtaani zikaguliwe virusi kabla ya kugusa kompyuta mama, hilo nakuomba.

Modemu ibaki na shughuli zinazoihitaji kweli: barua pepe, usajili wa watahiniwa, mwalimu kutafuta jambo jipya. Na wazazi kama lazima wachange, wachangie diski ya nje na betri ya sola ya kompyuta mama. Hivyo havimaliziki tarehe 30.

Picha ya mgonjwa inafika jioni

*Habari za kazi, Mama Fundi. Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijiji, Kilombero. Nikipata kidonda au upele nisiouelewa, napiga picha namtumia daktari hospitali ya wilaya kwa WhatsApp. Aliniambia picha zangu zina ukungu, nitume kama dokumenti. Tangu hapo hazifiki. Wiki iliyopita nilituma saa nne asubuhi ikafika jioni, mgonjwa ameshaondoka. Je, tuombe dishi la satelaiti? — Muuguzi, Kilombero*

Njema, dada, pole na majukumu. Dishi ombeni, sikatazi. Ila barua za halmashauri unazijua mwendo wake, na mgonjwa wa kesho asubuhi hatalisubiri.

Kilichotokea ni hiki. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp huikamua kwanza: picha ya megabaiti 4 inatoka na kilobaiti mia moja au mia mbili hivi. Ukiituma kama dokumenti inakwenda nzima nzima. Mimi nilikuwa natunza kompyuta za hospitali moja ya misheni huku kusini kabla nyaya za baharini hazijafika. Hospitali nzima iligawana kilobiti 64 kwa sekunde za dishi, na picha ya megabaiti 2 ilichukua zaidi ya dakika nne, hapo mhasibu na mfamasia wote wameambiwa wasiguse kitu. Simu yako ikishuka kwenye 2G haiko mbali sana na hali ile. Na kutuma kwa kawaida ni kuzito kuliko kupokea.

Kwa hiyo rudi kwenye njia ya kawaida, halafu tuuondoe ukungu. Ukungu mara nyingi hauletwi na kukamuliwa. Unaletwa na kioo cha kamera chenye mafuta ya mkono, chumba chenye giza, na mgonjwa anayetikisika. Futa kamera kwa pamba kavu. Mpeleke mgonjwa karibu na dirisha, zima flashi ya kamera, maana inafanya ngozi ing'ae na rangi ya kidonda inapotea. Chini ya mguu au mkono tandika kitambaa cha rangi moja, si kitenge chenye maua. Weka rula pembeni ya kidonda, au sarafu ya shilingi 200, ili daktari ajue ukubwa. Piga mbili: moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, moja ya karibu. Egemeza kiwiko kwenye meza wakati wa kupiga. Kisha kata pembeni zisizo na maana. Sakafu na ndoo za zahanati daktari hazihitaji.

Na kabla ya picha, tangulia na maandishi. Umri, jinsia, tatizo lina siku ngapi, joto la mwili, umempa dawa gani, na swali lako ni lipi. Swali hasa. "Daktari naomba msaada" si swali. "Nimfungulie jipu hapa au nimpe rufaa?" ni swali, na linaweza kujibiwa hata kama picha bado iko njiani. Maandishi yote hayo hayafiki kilobaiti moja.

Usione kwamba unafanya kazi ya kubangaiza. Mwaka 1999 shirika la Swinfen Charitable Trust la Uingereza lilianza hivyo hivyo na kituo cha watu waliopooza kilichoko Savar, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Vifaa vyao: kamera ya dijitali, stendi yake ya miguu mitatu, na barua pepe. Daktari wa kule anapiga picha, anaandika maelezo, anatuma. Bingwa anasoma akipata nafasi, anajibu. Hakuna video, hakuna mtu kumsubiri mwenzake kwenye skrini. Kabla yao kulikuwa na SatelLife, iliyoanzishwa kwa juhudi za Bernard Lown, daktari wa moyo wa Marekani, ambayo satelaiti yake ya HealthSat-2 ilirushwa mwaka 1993. Satelaiti ile ilipita juu mara chache kwa siku. Ikipita, kituo cha chini kilikabidhi barua zake na kupokea zilizokuja. Ikizama, mnasubiri ipite tena. Madaktari wa Afrika walisoma makala za tiba kwa njia hiyo wakati ambapo kupiga simu Ulaya ilikuwa gharama ya kuuza mbuzi. Mfumo wa tuma, weka, jibu baadaye una heshima yake.

Mambo mawili usiyacheze. La kwanza ni siri ya mgonjwa. Usitume jina wala sura. Tumia namba yake ya Kitabu cha 5 cha MTUHA, ile rejesta ya wagonjwa wa nje, daktari akitaka kukuuliza mtaelewana kwa namba. Usitume kwenye kundi la watumishi 80, tuma kwa daktari mwenyewe. Zima ile hali ya WhatsApp kuhifadhi picha kwenye galari, maana simu hiyo hiyo jioni mtoto anachezea gemu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na taarifa za afya zimo.

La pili: mama mjamzito anayetapatapa kwa degedege, mtoto anayeshindwa kupumua, damu isiyokata. Hapo weka picha pembeni. Piga simu ya sauti, na gari la wagonjwa liitwe.

"SMS si zimepitwa na wakati?"

*Mama Fundi, kila toleo unatusifia SMS. Zama hizi za akili mnemba, kweli? — Daktari kijana, Morogoro*

Kweli, daktari, na mfano nautoa mkoani kwako. Kuanzia mwaka 2009 mpaka 2010 mradi wa SMS for Life ulijaribiwa katika wilaya tatu: Ulanga, Lindi Vijijini na Kigoma Vijijini, vituo 129. Kila wiki simu ya mhudumu ilipokea ujumbe ukiuliza dawa za malaria zimebaki ngapi. Anakwenda kwenye shelfu, anahesabu, anajibu kwa namba, bure. Wilayani wanaona nani amekaukiwa na nani amerundikiwa, gari linahamisha maboksi. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimekosa angalau aina moja ya dawa za malaria. Wiki ya 21 ilikuwa asilimia 26. Dawa nyingine zilikuwa zimekaa wilaya hiyo hiyo, kituo cha jirani, na aliyezihitaji hakujua.

SMS hupita kwenye njia ile ile ambayo simu na mnara hutumia kuitana, ndiyo maana inafika mahali ambapo data imekata tamaa, na inafika kwenye kitochi. Ina herufi 160. Kiswahili chetu kinaandikwa kwa herufi za kawaida, tunazipata zote 160. Ila ukibandika emoji moja tu, ujumbe mzima unabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi 70. Kile kikopa ulichomalizia ujumbe wako kwa mama wajawazito 300, daktari, huenda kimekutoza SMS mbili mbili au tatu tatu.

Waya unatua kwetu, mbona tulikosa sisi?

*Shikamoo Bi Fundi. Nasomea uuguzi hapa Mombasa. Mei 2024 nilikuwa katikati ya mtihani wa mtandaoni, intaneti ikazorota. Nyaya za baharini zatua hapa hapa kwetu, yakuwaje sisi tukose? — Mwanafunzi, Mombasa*

Marahaba mwanangu. Waya kutua kwenu hakumaanishi unachokitafuta kiko kwenu. Mtihani wako huenda ulikaa kwenye kompyuta iliyoko Ulaya au Afrika Kusini, na ni lazima uende na kurudi. Mei 12 mwaka huo nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Njia ya kaskazini nayo ilikuwa imeumia tangu Februari, nyaya kadhaa zilipokatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Kwenu mlibaki na nyaya nyingine, kama TEAMS inayokwenda Fujairah, Falme za Kiarabu, zikabeba mizigo ya wenzao. Ndiyo maana ilizorota badala ya kufa. Tanzania baadhi ya maeneo tulikaa gizani kabisa kwa saa nyingi.

Waya huwezi kuuzamia. Ila chuo chako unaweza kukisemesha. Kama kinatumia Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, programu yake ya simu inaruhusu jaribio kushushwa, kujibiwa bila intaneti na kupelekwa mtandao ukirudi, mradi mhadhiri awe ameruhusu na asiwe ameweka saa ya kuhesabu dakika. Kwa mtihani mkuu hatokubali, na sitamlaumu. Kwa majaribio ya kila wiki hana sababu ya kukataa. Nendeni watatu wanne, msiende mmoja.

Mkurugenzi anataka picha zinazopishana

*Shikamoo Mama. Natengeneza tovuti ya hospitali ya wilaya. Mkurugenzi anataka juu kabisa picha kubwa tano zinazopishana na video ya uzinduzi wa jengo. Niseme nini? — Kijana wa TEHAMA, Nyanda za Juu*

Marahaba. Usibishane naye kwa maneno, mpe simu. Chukua ya bei ndogo, ilazimishe ikae 2G, mwambie afungue tovuti mwenyewe akiwa amesimama.

Hesabu ya kumwekea mezani: kwa mtandao wa kilobiti 20 kwa sekunde, ukurasa wa kilobaiti 25 unafunguka kwa sekunde kumi. Picha zake tano, kila moja megabaiti moja, zinataka zaidi ya nusu saa, na video hatujaigusa. Kisha mfungulie kurasa za matokeo za NECTA. Ni maandishi na majedwali, hazina urembo wowote, na hakuna mzazi aliyewahi kulalamika kwamba hazipendezi. Picha ya jengo jipya iweke ukurasa wa ndani, moja, uliyoipunguza. Video ibaki YouTube na kiungo cha maandishi chenye kutaja ni megabaiti ngapi, anayetaka aamue mwenyewe.

Juu kabisa weka namba ya simu ya wodi ya wazazi, ya gari la wagonjwa, na siku za kliniki. Ziandike kama maandishi ya kuguswa yakapiga simu, usiziweke ndani ya bango la picha. Na mwulize muuguzi wa zamu ya usiku kama namba hizo bado zinapokelewa.